Barua Namba Saba

Klabuni walimwita Bi Povu, na kwa miaka mingi aliamini ni kwa sababu ya sabuni. Yeye ndiye aliyefua jezi za timu kubwa kuliko zote mjini, mikono yake ilikuwa kwenye povu tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo jina aliliona limempata mwenyewe. Siku moja, wakibishana juu ya mfuniko wa sufuria, wifi yake akamfumbua macho kwamba hata mtu anayeongea bila kituo husemwa anatoa povu. Bi Povu alikaa kimya dakika nzima. Wifi yake anaapa kwamba hiyo ndiyo dakika pekee ya ukimya aliyoipata kwake tangu aolewe na kaka yake, na kaka mwenyewe alishatangulia mbele ya haki siku nyingi.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya jukwaa la upande wa kusini. Kulikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa na adabu, ya pili haikuzunguka mpaka uiegemee kwa nyonga ya kushoto; ya kulia haikuitaka. Kulikuwa na nyaya sita za kuanikia, ndoo ya kulowekea, ndoo ya kusuuzia, na dirisha moja dogo lililokaa usawa wa nyasi za uwanja. Kupitia dirisha hilo Bi Povu aliangalia mpira kwa miaka thelathini na moja, yaani aliangalia miguu. Bao maarufu kuliko yote katika historia ya klabu hakuliona, lakini anazikumbuka soksi zilizolifunga: ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kisigino, na aliitia kiraka mwenyewe.

Makocha aliwahesabu kumi na tisa. Kuna aliyekataza watu kupiga mluzi. Kuna aliyeamini timu inafungwa kwa sababu ya rangi ya soksi, akaleta soksi nyekundu, zikachuja, na nusu ya msimu mabeki wakacheza na fulana za ndani za rangi ya waridi. Wote walikuja na saa mpya ya kupimia mbio, wote waliondoka kwa mlango wa nyuma, na wote, anasema, waliacha kitu kwenye ndoo yake.

Lazima ijulikane pia kwamba Bi Povu alimaliza darasa la saba na alikuwa wa kwanza kwa mwandiko. Lazima ijulikane, kwa sababu yeye hakuacha mtu aondoke mbele yake bila kulijua hilo.

Basi msimu ule timu ilishika nafasi ya kumi na moja, jambo ambalo kwa klabu ndogo ni sherehe na kwa klabu kubwa ni msiba. Jumatatu kocha akaondolewa. Jumanne yake meneja naye akastaafu, si kwa kufukuzwa, ni magoti tu.

Hapa ni vizuri kusimama kidogo, maana kisa chote kinaning'inia kwenye neno hili moja. Katika klabu ile kocha ni kocha: anapanga timu, anapiga kelele pembeni ya uwanja, anafukuzwa. Meneja ni mtu mwingine kabisa. Meneja ndiye mwenye funguo za stoo, ndiye anayeita basi, ndiye anayejua nani anavaa kiatu namba ngapi na begi la kipa liko wapi. Chumba cha kufulia kiko chini yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi, na hakuna aliyewahi kuyachanganya mawili hayo mpaka alipokuja mkuu mpya wa usajili.

Huyu alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama anayeongea msibani. Mpira aliusomea mbali, na huko alikousomea kocha mkuu huitwa meneja. Alikuwa ameletwa kuujenga upya usajili, na ulihitaji kujengwa kweli. Usajili wa zamani ulikuwa wa kindugu: winga ni mpwa wa mjumbe, kipa wa akiba ni shemeji wa dereva, na mshambuliaji mmoja alisajiliwa kwa picha za video ambazo, zilipokuja kutazamwa vizuri, aliyekuwa akifunga mabao alikuwa mwenzake. Kijana akasema basi. Tangu sasa kila nafasi itatangazwa, kila mtu ataandika barua, na barua zitasomwa majina yakiwa yamefichwa, ili asiyejulikana na anayejulikana wawe sawa. Kisha akabandika tangazo kwenye ubao wenye kioo, karibu na lango: KLABU INATAFUTA MENEJA. WENYE UZOEFU WALETE BARUA.

Wengine wote walielewa kwamba anatafutwa kocha, kwa sababu walisikia redioni. Redio ya Bi Povu ilikuwa imeharibika. Kiburi chake ndicho kilichokuwa kizima.

Alilisoma tangazo mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Na wiki hiyohiyo dereva wa basi alikuwa amemnong'oneza kwamba kuna kampuni ya ufuaji, yenye gari jeupe, imekuja kuomba kazi ya jezi, na uamuzi utatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Gari lingechukua nguo asubuhi na kuzirudisha jioni zimekunjwa ndani ya mifuko ya nailoni. Bi Povu naye angechukuliwa na nini? Alipiga hesabu yake akaiona nyepesi. Aliye juu ya chumba cha kufulia ni meneja. Nafasi ya meneja iko wazi. Akiwa yeye meneja, gari jeupe litageuzia langoni.

Jioni hiyo alikaa mezani na karatasi yenye mistari, wifi yake akiwa upande wa pili akichambua mchele. Barua iliandikwa kwa mwandiko ule wa kwanza darasani, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo, na ilisema hivi:

"Nimekaa na timu hii miaka thelathini na moja. Makocha kumi na tisa wamepita mikononi mwangu. Nyinyi mnaangalia mabao, mimi naangalia kinachobaki baada ya mchezo, kwa hiyo mchezaji hawezi kunidanganya. Namjua anayejituma na namjua anayejificha nyuma ya wenzake. Nikipewa nafasi hii, chumba cha kubadilishia nguo kitanyooka ndani ya wiki moja. Uchafu wote nitautoa."

Wifi yake aliisikiliza mpaka mwisho, akatoa jiwe kwenye mchele, akalitazama.

"Hujataja kufua hata mara moja, wifi."

"Wanajua."

"Na kama hawajui?"

"Klabu nzima inaujua mwandiko wangu."

Ukweli ni kwamba klabuni hakuna aliyewahi kuuona mwandiko wake. Alama zake zote ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kola za jezi, na zilikuwa namba.

Mkuu wa usajili alikuwa mtu wa kutimiza neno. Ili hata mwandiko usimpendelee mtu, alimwagiza katibu muhtasi azichape barua zote upya, aondoe majina, atie namba tu. Katibu muhtasi alikuwa na wiki tatu kazini. Bi Povu yeye alimjua kwa jina hilo la Bi Povu tu, na barua ilikuwa imesainiwa kwa jina refu la cheti cha shule ambalo halikuwa limetumika tangu harusi. Akaichapa, akaitia namba saba, na mwandiko wa kwanza darasani ukaishia kwenye droo.

Yaliyosemwa huko juu ofisini Bi Povu alikuja kusimuliwa baadaye na huyohuyo katibu muhtasi. Barua zilikuwa kumi na nne. Nyingi zilikuwa ndefu, zenye michoro ya mishale. Namba saba ilipofika, mkuu wa usajili aliisoma kwa sauti, akairudia. Alisema hii ndiyo barua ya kwanza isiyojisifu kwa vikombe. Huyu, alisema, lazima alikuwa kocha msaidizi miaka mingi, mtu wa ndani aliyenyimwa nafasi. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye leso mkononi wakati wote, alitingisha kichwa kwa hilo la uchafu. Alisema huyu anazijua siri za klabu, afadhali aitwe kabla hajazipeleka kwingine.

Simu ililia kwa wifi, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye barua ilikuwa ya wifi. Namba saba afike Jumatano saa nne. Wifi alikata simu, akamtazama mwenzake kwa jicho jipya, na kwa siku mbili nzima hakumtania. Bi Povu anasema hapo ndipo alipopaswa kujua kuna kitu hakiko sawa.

Jumatano alivaa gauni la kijani la mazishi na harusi, akachana nywele, akapanda ngazi ambazo kwa kawaida alizipanda na taulo kichwani. Kwenye benchi la korido aliwakuta wanaume wawili. Mmoja alikuwa mrefu, suti ya bluu, kompyuta mapajani. Wa pili alikuwa mfupi, wa miraba minne, viatu vimekwaruzika mbele. Bi Povu aliwaamkia kwa huruma ya mwenye uhakika, akakaa katikati yao. Alimuuliza wa suti kama anajua kukunja soksi. Yule akacheka akidhani ni utani, akarudi kwenye kompyuta yake. Bi Povu akaridhika: huyu hana madhara.

Yule mfupi ndiye aliyemtia wasiwasi, kwa sababu alianza kuuliza yeye. Ana nyaya ngapi za kuanikia? Mvua ikinyesha wiki nzima, seti moja hukauka kwa muda gani? Na wachezaji wakifanya mazoezi mara mbili kwa siku, je, anaweza kuwahi? Maswali ya mtu wa kazi. Bi Povu alimjibu kwa mkato, moyoni akisema kumbe huyu ndiye anayetaka kuninyang'anya tonge mdomoni.

Alipoitwa, aliketi mbele ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa dirishani akiongea na simu, amempa mgongo. Mkuu wa usajili alimtazama mama mtu mzima mwenye gauni la kijani, akatazama karatasi, akajikaza. Yeye ndiye aliyesema majina na sura visiangaliwe, sasa afanyeje? Akauliza swali la kwanza kama alivyowauliza wengine: mfumo wako ni upi?

"Nyeupe na nyeupe, za rangi peke yake," alisema Bi Povu. "Ukichanganya tu, umekwisha."

Kijana akaandika. Akauliza, na ukiikuta timu katikati ya msimu iko hoi, imechakaa, unaanzaje? Bi Povu akasema haraka ndiyo huharibu. Kwanza unaloweka, unaacha ijiachie yenyewe, ndipo unatia nguvu. Kijana akaandika tena. Akasogea mbele kwenye kiti. Na kushambulia je?

"Unaanzia pembeni, mwanangu. Pembeni kwanza, unazunguka, halafu ndiyo unaingia katikati. Ukivamia katikati moja kwa moja unalitawanya, halitoki tena."

"Halitoki nini?"

"Doa."

Mwenyekiti akageuka. Simu bado ilikuwa sikioni. Alimtazama Bi Povu, akaitazama karatasi yenye namba saba, na ile leso ikaenda mdomoni. Mabega yake yalitikisika muda mrefu kabla sauti haijatoka.

"Bi Povu," alisema alipoweza. "Hapa tunatafuta kocha."

Wapo watu ambao aibu huwashuka taratibu kama jua. Kwake ilimwagika yote kwa mpigo. Alikumbuka swali la soksi alilomuuliza yule wa suti. Alikumbuka mshangao wa wifi kwenye simu. Aliona kabisa kwamba alikuwa ameomba kuifundisha timu kubwa kuliko zote mjini, yeye ambaye katika miaka thelathini na moja hajawahi kuona kichwa cha mchezaji uwanjani. Akasimama, gauni likanasa kwenye kiti, akalivuta.

Mkuu wa usajili hakucheka. Alimwomba akae. Alisema barua haikudanganya, ni yeye aliyeisoma vibaya, na kuna sehemu moja anataka kuiuliza kwa dhati: anayejituma na anayejificha, unawajuaje?

Angesema tu "kwa uchafu" akaenda zake, angekuwa salama. Lakini mtu aliyeanguka mbele za watu huinuka kwa pupa. Bi Povu akatoa povu. Alieleza kaptura inavyosema: matope ya ubavuni ni ya mtu anayeteleza kuokoa mpira, matope ya makalioni ni ya mtu anayesukumwa, na isiyo na matope ni ya mtu aliyekuja kutazama mechi bila tiketi. Kijana aliacha kalamu, akamuuliza juu ya wale watatu waliokuwa kwenye majaribio wiki ile. Mvua ilikuwa imenyesha siku zote, uwanja ulikuwa chapati ya udongo, na nguo zao alikuwa amezifua.

Wawili aliwapitisha. Wa tatu, yule beki wa kushoto aliyetoka mbali, mpole, wa kuinamisha kichwa akisalimia, huyo alimchinja bila kisu. Alisema nguo zake zinashuka siku ya tatu leo nyeupe kama karatasi. Mvua hii, matope haya, na soksi safi? Huyo anajificha.

Mkuu wa usajili alisema hata yeye alikuwa na shaka, kwa kuwa picha zilipigwa kwenye mvua na hazionyeshi vizuri. Akapiga mstari juu ya jina la beki. Kisha akasema jambo ambalo Bi Povu alilibeba hadi nyumbani kama yai: mtu mwenye macho hivi hatumwachii gari jeupe kazi yake. Ijumaa atalisema hilo mwenyewe kikaoni. Bi Povu akashukuru, na kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshapata moto, akaongeza bila kuulizwa kwamba kati ya wale wawili wa korido, yule mfupi wamwogope, ana tamaa.

Nyumbani wifi alimsubiri mlangoni. Bi Povu alisema tu kwamba umeneja ameukataa, una safari nyingi.

Alhamisi asubuhi alimimina nguo za majaribio sakafuni. Za wawili zilidondoka nzito, pu, pu. Za beki zilianguka kama majani makavu. Siku nyingine angezitupa ndani ya mashine bila kufikiri. Leo alizitazama kama mtu anavyomtazama aliyemsengenya jana, akaziokota, na jezi ikapita karibu na pua.

Ilinukia maua.

Sabuni ya klabu haikunukia maua tangu enzi za kocha wa kwanza, ilinukia sabuni. Akapapasa mishono ya kwapa, ilikuwa na unyevu. Akaigeuza mbele, nembo ya klabu ilikuwa imejikunja pembeni kama jani lililopigwa na jua. Jambo hilo alilijua kuliko mtu yeyote chini ya jua hilo: nembo hujikunja hivyo ikifikichwa kwa mkono. Yeye alishapiga kelele miaka thelathini na moja, nembo haifikichwi.

Alimkuta yule beki nyuma ya vyumba vya kubadilishia, kwenye bomba la kukwangulia viatu. Mwanaume wa miaka ishirini na saba, baba wa watoto wawili, amechuchumaa, anasugua soksi kwa kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki kama ukucha. Magoti yake yalikuwa yamechunika, na maji yaliyotiririka kutoka kwenye beseni yalikuwa na rangi ya chai.

"Shikamoo, mama," alisema, akajaribu kuficha beseni nyuma ya mguu.

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Nakupunguzia tu."

Ilichukua maneno mengi kupata kwake zaidi ya hayo. Tangu siku ya kwanza, alisema, matope yalikuwa yanaingia hadi ndani ya nguo za ndani. Yeye ni mgeni, bado hajachukuliwa, hajui ana haki gani. Kila jioni alikuwa akizisuuza mwenyewe kwanza, ndipo anazitia kwenye begi la nguo chafu; jana giza lilimwahi, soksi zikabaki.

"Umri wako ni wa mama yangu. Soksi zile hata mimi nilizishika kwa vidole viwili. Nikupe wewe uzishike? Nimeona aibu, mama."

"Ungejua hiyo aibu yako imekufanyia nini," alisema Bi Povu, "ungeniletea hata za jirani."

Hakuelewa. Alisema ameshaambiwa asante, watampigia simu, na basi lake ni la saa sita.

Bi Povu aliokota soksi ya pili, akakaa juu ya kreti la viatu. Miaka thelathini na moja ya kusoma nguo, imeshindwa na mtu mwenye adabu. Kuna mengi aliyoyawaza pale, na hana haya kuyasema, maana alikwishamaliza haya zote Jumatano. Aliwaza kwamba hakuna anayejua. Aliwaza kwamba beki mzuri hakosi timu. Aliwaza kwamba akipanda ngazi zile tena na kusema macho yake yamekosea, basi kile kilicholizuia gari jeupe ndicho kitakachokuwa kimeondoka, na kesho ni Ijumaa. Alijiambia akae dakika moja tu, akili itulie. Akili ikatulia upande wa kunyamaza. Lakini mkono wake ulikuwa bado umeshika ile soksi, ambayo jamaa hakuwa ameifikia kuifua, na ilikuwa imekauka matope hadi kwenye goti, ngumu kama bomba. Mkono haukukubali kuirudisha kwenye beseni.

"Usipande basi," alisema. "Nisubiri hapa. Na hiyo sabuni iweke chini."

Alipanda ngazi na ndara zake, na aproni yake, akaingia bila kugonga. Mkuu wa usajili na mwenyekiti walikuwa wanamalizia karatasi. Bi Povu aliiweka soksi juu ya meza, katikati ya karatasi, ikasimama yenyewe.

"Ya nani?" aliuliza kijana.

"Ya yule anayejificha."

Akawaeleza yote. Hakupunguza, ingawa alipofika kwenye aibu na umri wa mama alilazimika kutazama pembeni. Mwenyekiti alimuuliza, basi jana ulitudanganya? Bi Povu alisema hapana, jana alisema ujinga, na ujinga na uongo ni ndugu lakini hawalali chumba kimoja. Mkuu wa usajili aliigusa ile soksi kwa ncha ya kalamu.

"Kwa hiyo kusoma kwako nguo hakuna maana, mama?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa ngazi nzima.

"Kuna maana kwa nguo zinazofika kwangu chafu," alisema. "Zikifika safi, sijui kitu. Jana ningeyasema hayo, lakini nilikuwa nimetoka kuchekwa."

Kijana aliichukua ile karatasi yenye mstari, akaitazama, akasema hata yeye alipiga mstari haraka kwa sababu alitaka mtu amhakikishie shaka yake. Beki akabakizwa wiki moja zaidi, kwa sharti moja: asiguse sabuni. Wiki hiyo nguo zake zilishuka zikiwa na matope hadi kwenye kola, nje na ndani, na Bi Povu aliziloweka maji matatu huku akiimba. Alisajiliwa. Na ile fomu mpya ya usajili, iliyojaa kasi na urefu na umri, ikapata mstari mmoja chini kabisa ambao wageni hushindwa kuuelewa: NGUO ZIMEFULIWA NA NANI?

Gari jeupe lilipewa taulo na mashuka ya kambi. Jezi zilibaki. Bi Povu alinuna juu ya zile taulo kwa miezi miwili, kana kwamba si yeye aliyekuwa anakaribia kupoteza vyote.

Kocha aliyechaguliwa ni yule mfupi. Siku ya kwanza aliteremka chumba cha kufulia, akahesabu nyaya, akasema hizi haziwezi mazoezi mawili kwa siku, akaagiza ziongezwe nne. Bi Povu, ambaye alikuwa amemsema kwamba ana tamaa, alimpa kiti. Mkuu wa usajili alikuwa amemwonyesha kocha yale maandishi ya Jumatano, na mpaka leo, timu ikikwama, wachezaji humsikia akipiga kelele pembeni: pembeni kwanza, halafu katikati, msilitawanye. Hawajui anazungumzia doa.

Ikabaki ile nafasi ya funguo na mabegi. Ili watu wasichanganyikiwe tena, mkuu wa usajili alilifuta kabisa neno meneja kwenye karatasi za klabu. Akabandika tangazo lingine kwenye ubao wa kioo: KLABU INATAFUTA MRATIBU WA VIFAA NA USAFIRI. Lilikaa wiki mbili. Bi Povu alilipita kila asubuhi. Siku moja alilisoma lote, kwa miwani, akasema moyoni hayo ni mambo ya waliosoma, na kwa kuwa kioo kilikuwa na vumbi, akakifuta kwa pembe ya aproni ili wenye bahati zao waone vizuri.

Jumatatu moja mwanamke wa makamo alishuka chini na funguo za stoo mkononi, akajitambulisha kuwa ndiye mratibu mpya.

"Mratibu ndiyo nini, mwanangu?"

"Mabegi, mama. Basi, viatu, na hapa kwako pia."

Bi Povu aliketi juu ya ndoo. Aliporudi nyumbani alimsimulia wifi yake kisa chote, tangu tangazo la kwanza hadi lile alilolifuta vumbi, kwa mara ya kwanza bila kuficha kitu. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho, akauliza barua ile yenye mwandiko mzuri iko wapi, aibandike ukutani.

"Iko kwenye droo huko juu," alisema Bi Povu. "Wakiishiwa makocha, wataitoa."